Vijiko vya Hajara

Nisikilizeni, watu wangu wa Tororo, nanyi wa Busia mnaopanda kuja sokoni kwetu. Leo sina habari ya mlevi wala ya mwizi. Nina habari ya kiburi cha nyumbani, kile kinachokaa mkekani pamoja na baba na kula chakula cha watoto. Kama kimo kwako, usikasirike. Sikia kwanza, hasira utaipata baadaye.

Ilikuwa miaka ile kiwanda cha simenti kilipokuwa bado kipya na bendera ya Mwingereza ingali juu pale bomani. Asubuhi moja Hajara alikuwa uani akipuliza moto wa chai. Mama mkwe wake, Bi Rehemah, alikuwa akipeta mchele kwenye ungo, na Aidah, mtoto wa pekee wa nyumba ile, akifunga vitabu vyake vya shule kwa kamba. Mume, Nurudin, alikuwa amelaza gurudumu la pikipiki juu ya gunia. Pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha wote wanne. Kila siku iliteremka Busia na kurudi Tororo na makapu mawili ya samaki aina ya ngege.

Mara ikasikika tupa ikikwaruza chuma. Hajara akageuka. Nurudin alikuwa ameshika vijiko viwili vikubwa vya kupakulia vya mkewe, alivyopewa Hajara na mama yake siku ya harusi, anavinoa ncha.

"Baba Aidah! Vijiko vyangu unanoa vya nini?"

"Hii kijiko yako ni butu. Haiingii kwa tairi."

"Lakini mpira wa ndani ni laini, utaukata. Mwezi huu umetoboka mara tatu, na kila mara ni siku uliyofungua tairi. Nipe mimi nijaribu. Nimekutazama mpaka nimejua."

Nurudin akacheka. "Wewe? Mkono ya mwanamke ikigusa pikipiki ni nuksi. Uliza wazee pale barazani."

Ndugu zangu, msimwone Nurudin kuwa mtu mbaya. Pikipiki alijifunza vitani, huko Burma, akipeleka barua za maofisa. Kazi yake ilikuwa kuendesha, matairi yalikuwa ya mafundi. Alirudi na medali na mikogo, lakini tairi alikuja kulijulia hapo uani, kwa nguvu na matusi. Gereji ya mjini ilikuwa na vyuma halisi vya kutolea tairi, ila ilitengeneza magari ya serikali kwanza, na mtu kama Nurudin aliambiwa arudi wiki ijayo. Basi kutumia vijiko hakukuwa kosa, na ninataka hilo lieleweke. Aliyenyimwa hutumia alichonacho. Kosa lilikuwa kuvinoa, na kukataa kuambiwa.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nurudin aliingiza vijiko vyenye makali, akabana, akavuta, akajaza upepo, akaondoka akipiga honi.

Saa nane mchana lori la simenti lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka Wabwire, Msamia wa Busia aliyekuwa akimuuzia Nurudin samaki. Nyuma ya lori ililala pikipiki, tairi lake limelegea.

"Mama Aidah, usilie kwanza," Wabwire alisema. "Mzee ni mzima. Lakini mguu imevunjika pale kwa mteremko wa mto. Tairi ilitoa upepo yote mara moja. Tumemwacha hospitali."

Hajara alilia, kwa nini asilie? Alilia mpaka kanga ikalowa. Halafu akafuta uso, akachukua mchi wa kinu, akausukumia kwenye ubavu wa tairi mpaka likaachana na chuma. Akautoa mpira wa ndani, akaupitisha kwenye beseni la maji. Akaona mikato miwili iliyokaa sambamba. Akaleta kijiko, akakiweka juu ya mkato mmoja. Kilienea sawasawa.

Kesho yake, Alhamisi, aliufunga mpira ule katika kanga akaenda nao hospitali. Nurudin alikuwa amelazwa, mguu umefungwa plasta mpaka pajani.

"Ni nuksi hii," alisema kabla hata ya salamu. "Badiru alikuwa hapa. Nimempa neno langu kwamba namuuzia. Kesho baada ya swala anakuja kuchukua pikipiki."

Badiru alikuwa mwenzake wa barazani, naye pia alikuwa na pikipiki ya kubeba samaki. Pikipiki ya Nurudin ikitoka njiani, samaki wote wa Busia ni wake. Hilo Hajara aliliona mara moja. Tena aliona shule ya Aidah imekwisha, na Bi Rehemah katika uzee wake akikaa na sahani tupu.

"Tazama hapa," alisema, akafungua kanga. "Mikato miwili, upana wa kijiko. Nuksi haina meno, baba Aidah. Vijiko ulivinoa wewe."

Nurudin aliugeuzia ukuta uso. "Nimeshasema."

"Umesema wewe. Mimi sijasema."

Ijumaa asubuhi Hajara alisugua vijiko vyake kwenye jiwe la kusagia mpaka ncha zikawa duara kama ukucha wa kidole gumba. Aliziba mikato kwa viraka, akaupitisha mpira tena kwenye beseni, haukutoa hata povu moja. Kisha akaitoa kazi yote mbele ya nyumba, kando ya njia, mahali watu wanapopita kwenda na kutoka msikitini. Angeweza kujificha nyuma ya jiko. Hakutaka.

Swala ilipokwisha, Badiru akaja na vijana wawili wa kusukuma, na nyuma yao nusu ya mtaa. Alimkuta Hajara amepiga magoti, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shemeji, wacha hiyo kitu! Unaongeza mkosi juu ya mkosi!"

Bi Rehemah akajibu kutoka mlangoni. "Badiru, mwenye pikipiki hiyo nimemzaa mimi, kwa mikono ya mkunga mwanamke. Mkosi ulikuwa wapi siku hiyo?"

Watu wakacheka. Hajara hakucheka, mawazo yake yote yalikuwa kwenye tairi. Alikuwa ameuvuvia mpira upepo kidogo ili ujae, usijikunje na kukamatwa. Akapaka maji ya sabuni kwenye mdomo wa tairi. Akaanza upande wa mbali, akielekea pale pampu inapoingia, kama mtu anayevalisha mto foronya yake. Tairi likakaza. Hapo ndipo Nurudin alipokuwa akivuta kwa nguvu zote.

"Mama, njoo usimame hapa," Hajara alisema.

Bi Rehemah akavua viatu, akapanda juu ya tairi, upande ule uliokwisha kuingia. Kwa uzito wake mdomo wa tairi ukazama katika bonde lililo katikati ya ringi ya chuma, na upande wa pili ukalegea. Vijiko viligusa mara mbili tu. Kilichobaki Hajara alikisukuma kwa viganja.

Wabwire, aliyekuwa amelala kwa akina Hajara akingoja kujua mwisho wa mambo, akalifunga gurudumu, akajaza upepo, akapanda. Aliwahi kuendesha pikipiki za wenye maduka ya Busia.

"Nakwenda Busia," alisema.

"Hafiki mtoni," alisema Badiru, akakaa kwenye kibaraza kungoja.

Hajara naye alikaa chini kando ya njia, na nitawaambia ukweli, aliogopa. Kama tairi lile lingepasuka, angekuwa amemuumiza mwana wa watu, na mume angesema, nilikwambia. Jua liliinama. Wengine walianza kuaga. Ndipo mlio ukasikika kutoka upande wa chini, na Wabwire akatokea na makapu mawili, maji ya samaki yakidondoka.

Hajara hakutazama samaki. Alipiga magoti akaliminya tairi. Lilikuwa gumu. Akalia tena, safari hii akicheka, kisha akasimama mbele ya Badiru.

"Neno ulipewa hospitali, shemeji. Kalidai huko huko. Pikipiki inabaki hapa."

Nurudin alirudi baada ya miezi miwili, anatembea kwa magongo. Alikuta mbele ya nyumba yake baiskeli tano, pikipiki ya katekista wa Nabuyoga, na mke wake katikati yao, vijiko mkononi. Wabwire alikuwa bado akileta samaki, na Aidah alikuwa shuleni. Nurudin aliona aibu, nayo ilimstahili.

Siku ya tatu akaja Badiru akisukuma pikipiki yake, tairi limelala. Alipita mbele ya Hajara kana kwamba ni gogo la mti, akaenda kwa mume.

"Mzee Nurudin, nitazamie hii."

Nurudin aliutazama mguu wake, akavitazama vile vijiko.

"Mimi nilijua kuvinoa tu," alisema. "Fundi ni yule. Zungumza na yeye."

Badiru akarudi, akasimama. "Mama Aidah," alinong'ona, "naomba unifungie tairi."

"Sauti yako ilifika mbali siku ya mkosi," Hajara alimwambia. "Leo nayo ifike barazani."

Badiru akasema tena kwa sauti, na baraza zima likageuka.

Hajara alilaza gurudumu juu ya gunia. Akaanza upande wa mbali, mpaka tairi likakaza. "Baba Aidah," aliita, "njoo ukae hapa juu." Nurudin akaweka magongo chini, mbele ya wazee wote, akaenda akakaa juu ya tairi.

FUNZO

Nyumba haiangushwi na umaskini peke yake. Nyingi zetu huangushwa na baba asiyetaka kusikia linalosemwa na mkewe, kisha akaja kuliita anguko lake nuksi. Anayekuambia mkono wa mwanamke una mkosi, mtazame vizuri, utaona anataka nini katika mali yako.

Nanyi akina mama, mkijua kazi, msiifanyie nyuma ya jiko. Itoeni nje, njiani, watu wakitoka kuswali. Atakayecheka mwacheni acheke. Tairi lake nalo lina siku yake.