Msuko Mguuni mwa Furukombe

Jioni ile Vedasto alibeba darubini yake ya miguu mitatu kwenda uwanja wa besiboli nyuma ya maghorofa yao, Brooklyn Park, Minnesota, huku amemkasirikia ndege. Si ndege wote. Mmoja. Furukombe jike, yule tai mla samaki, aliyejenga juu ya nguzo ya taa tangu Aprili, na ambaye pete yake ya mguuni ilikuwa imemshinda kusoma kwa miezi mitatu.

Kazi yenyewe ndogo. Kila anayejitolea katika mradi wa kufuatilia furukombe hupewa kiota kimoja. Unatazama makinda, unasoma namba ya pete, unamtumia Natasha, msimamizi. Wenzake walishatuma zamani. Yeye alikuwa na daftari lililojaa neno moja: haisomeki. Kulikuwa na kitu cheusi kimeizunguka ile pete. Tope, aliandika Juni. Tope, akaandika tena Julai. Tope gani hilo lisilotoka, na ndege mwenyewe anashinda majini?

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe Wema, mfamasia wa hospitali moja ya Minneapolis, alikuwa akiumwa kichwa tangu Juni. Kichwa cha kuvuta, alisema, kama mtu anamsuka kwa hasira. Walimpiga picha za ubongo mara mbili, zikatoka safi. Wakambadilishia dawa mara tatu. Wiki hii alikuwa ameacha kwenda kazini, na jana alisahau jina la mama yake mzazi.

Jua lilikuwa linazama nyuma yake na mwanga uliipiga nguzo sawasawa. Vedasto akainama kwenye darubini.

Ndege akainua mguu.

Halikuwa tope.

Ulikuwa msuko wa nywele, umezungushwa mara tatu juu ya pete, na kwenye ncha yake ulining'inia uzi wa kijani.

Uzi ule aliujua. Goretti, jirani yao Mkongo anayesuka nusu ya wanawake wa maghorofa yale, humalizia kila msuko kwa uzi wa kijani. Mwezi Mei alimfumua Wema kibarazani, akakusanya nywele akazichome, ukiwemo msuko mmoja uliong'oka mzima na mizizi yake. Vedasto akamnyang'anya. Akazitia kwenye kikapu cha waya, akakining'iniza nje ili ndege wajengee viota.

"Papa, hapana," Goretti alimwambia. "Nywele ya mutu haiachwake inje."

"Mama Goretti, hawa ni ndege wa Marekani," alijibu huku akicheka. "Hawana mambo hayo."

Mtu akisoma sana huwa na ubishi wake. Lakini hata yeye alijua kwamba furukombe hawakaribii vibaraza vya watu. Huyu alikaribia.

Akampigia Wema simu, jicho likiwa bado kwenye lenzi.

"Kichwa kinauma?"

"Sasa hivi hapana... kimetulia kidogo."

Juu ya nguzo, ndege aliinamisha kichwa. Akaushika uzi kwa mdomo.

Akavuta.

Wema hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Kisha shuka zikisuguana... na mnong'ono.

"Vedasto. Nani amenishika?"

Ndege akauachia uzi. Jicho la njano likageuka, likatazama moja kwa moja ndani ya lenzi. Harufu ya samaki wabichi ikamjaa puani, ingawa upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwake kwenda kwenye nguzo.

Usiulize kama Vedasto alilala. Asubuhi alimpigia Natasha, binti wa Kikenya, akamweleza kwamba ndege amenaswa na kamba mguuni.

"Ana-fly poa? Analisha watoto?" Natasha aliuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Basi hatuwezi ku-touch. Ni sheria ya federal. Ngoja season iishe."

Ngoja! Mke wangu anasahau majina ya watu, unaniambia ningoje. Hakuyasema. Angeyasemaje? Akaenda kwa Goretti, uso chini.

Goretti alimsikiliza bila kumsimanga, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Tutoe nywele mapema, mbele ndege ahame," alisema kwa sauti ndogo.

"Akihama nazo, itakuwaje?"

"Sijue, papa. Kwetu tunachomaka. Hakuna mutu alingojaka aone."

Furukombe wana desturi ya kuburuza miguu juu ya maji kuisafisha. Kwa hiyo jioni tatu mfululizo, mtu mzima mwenye shahada mbili alijificha kwenye matete ya bwawa la karibu na uwanja, maji kiunoni, na wavu wa kuvulia. Jioni ya kwanza ndege hakuja. Ya pili alipita mbali. Ya tatu alipita juu yake kabisa, uzi wa kijani ukigusa maji. Vedasto akarusha wavu, ukaambulia majani. Alilia pale pale bwawani kwa hasira.

Siku ya nne kiotani walikuwa makinda na baba yao tu. Majike hutangulia kuhama, kuelekea kusini, ng'ambo ya bahari.

Alirudi nyumbani mbio. Wema alikuwa jikoni, anakaanga ndizi.

"Kimeacha," alisema, na akacheka.

Vedasto alimkumbatia, akajiona mjinga, akafurahi kuwa mjinga. Siku tisa Wema alikuwa mzima. Alirudi kazini. Jina la mama yake alilitaja bila kuulizwa.

Siku ya kumi, asubuhi, Vedasto aliingia kutoka zamu ya usiku akamkuta amesimama katikati ya sebule, viatu vya kazini miguuni, jasho linamtiririka. Mikono ameitanua pande zote mbili.

"Umesimama hivyo tangu lini?"

"Tangu jana ulipotoka."

Vedasto akahesabu siku bila kutaka. Kumi. Kutoka Minnesota, kwa siku kumi, furukombe huwa ameshaimaliza nchi kavu.

"Kaa chini, mke wangu," alinong'ona.

"Wapi?"

Akamshika mabega amkalishe. Magoti hayakukunjika. Wema alikuwa akilitazama zulia kwa woga.

"Ni maji matupu, Vedasto," alisema. "Nimechoka, na hakuna pa kutua."