Chai ya Rula

Kila asubuhi Fundi alifungua kibanda chake cha kushonea mapema. Alifagia vipande vya nguo vya jana. Aliitia cherehani mafuta matone mawili, kisha akaipangusa vizuri ili isichafue nguo za watu. Alikuwa mwanamke mcheshi. Mteja akilalamika kwamba gauni limembana, Fundi alimjibu, "Gauni halijanenepa, mama. Sema kweli."

Mkataji wa nguo alikuwa mdogo wake wa kiume. Watu walimwita Rula, kwa sababu alikata kitambaa kikanyooka bila kuchora mstari. Lakini huu ulikuwa mwezi wa nne Rula hajagusa mkasi. Alishinda chumbani kwake nyuma ya kibanda, dirisha limezibwa kwa magazeti. Mara aliongea peke yake. Mara alicheka, na hakuna aliyesema kitu.

Miaka miwili nyuma daktari aliwaambia kwamba Rula ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Akampa vidonge. Vidonge vilimsaidia, lakini vilimtia usingizi, na mikono ikawa inatetemeka. Sasa mkataji wa nguo mwenye mikono ya kutetemeka atafanya kazi gani? Rula akaviacha kimyakimya. Sauti alizokuwa akizisikia zikarudi.

Fundi na mama yao wakashauriana jikoni. Kuanzia siku hiyo Fundi alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwenye chai ya Rula na sukari nyingi. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nalisema hili mapema, msije mkamhukumu.

Rula alionja, akashusha kikombe.

"Dada, chai hii chungu."

"Chai ni ile ile ya kila siku."

"Mmeweka kitu."

"Hatujaweka kitu. Ni ugonjwa wako unakwambia hivyo."

Mama naye akadakia, "Ni ugonjwa, mwanangu. Kunywa."

Wiki ya tatu Rula akaacha chai. Kisha akaacha kila kilichopikwa nyumbani. Alikula ndizi na mayai ya kuchemsha tu, kwa sababu vina maganda, na maganda aliyamenya mwenyewe. Mashavu yakaingia ndani. Suruali aliyoshonewa na dada yake akawa anaifunga kwa kamba. Fundi akiitazama ile suruali, roho ilimuuma. Aliogopa kwamba mdogo wake atakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula.

Siku moja alikuja muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Hakuja kwa ajili ya Rula. Alitaka kupunguziwa sare yake. Alisimama juu ya kigoda, na Fundi alipiga magoti chini yake, pini mdomoni.

"Sista," Fundi akauliza, "kuna dawa ya akili isiyo na ladha?"

"Ya nini?"

Fundi akatoa pini mdomoni, akamweleza yote. Muuguzi hakumkemea. Alishuka kwenye kigoda, upindo mmoja uko juu na mwingine chini.

"Yeye anasemaje kuhusu hizo sauti?"

"Sijamwuliza. Mimi namwambia hazipo."

"Basi nipime kifua, kiuno na nyonga. Andika namba zote. Wewe pima tu, mimi nitakusemesha."

Fundi akaona ni mchezo. Kupima watu ni kazi aliyoiweza hata usingizini. Akazungusha utepe wake wa kupimia. Muuguzi akamwinamia sikioni, akaanza, "Umekosea. Wanakucheka. Usiandike. Yule mlangoni anakutazama. Umekosea tena. Huwezi kitu wewe. Acha." Hakupumzika hata kidogo. Fundi alipima kiuno mara tatu. Namba ya kifua akaiandika penye nyonga. Jasho likamtoka. Akageuka kutazama mlangoni, na hakukuwa na mtu.

"Sista, nyamaza basi."

Muuguzi akanyamaza. "Mimi umeniambia ninyamaze, nimenyamaza," alisema. "Rula hawezi kuzinyamazisha za kwake. Anazisikia kama wewe unavyosikia cherehani. Ukimwambia hazipo, anaona wewe ndiye huelewi. Si mvivu wala si mkaidi. Hana watu wawili ndani yake, kama wengine wanavyosema mitaani. Na wengi wenye ugonjwa huu si watu wa vurugu. Mara nyingi wao ndio wenye hofu."

"Nimwambie nami nazisikia?"

"Usimdanganye. Mwambie wewe huzisikii, ila unaamini kwamba yeye anazisikia na zinamchosha. Sema jambo moja, umpe muda wa kujibu. Habari ya mikono kutetemeka apelekewe daktari. Anaweza kupunguza dawa au kubadilisha. Kuacha ghafla ni hatari. Kumwekea kwa siri nako kubaya. Vidonge vingine vikisagwa vinadhuru, na daktari hatajua amekunywa kiasi gani. Halafu, siku akisema anataka kujiua, au kumdhuru mtu, usingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo."

"Na ile chai?"

"Ile utamwambia mwenyewe."

Fundi akaketi. Mtu anaamini anawekewa sumu, kisha umwambie ni kweli tulikuwekea kitu? Si ataondoka asirudi?

Mama alisema hivyo hivyo. "Ukimwambia, tumempoteza."

"Mama, mtoto anakula mayai kwa sababu yana maganda. Tumeshaanza kumpoteza."

Mchana ule Fundi akapiga moyo konde, akabisha hodi chumbani. Alikaa sakafuni, akauacha mlango wazi.

"Rula, nina neno moja. Chai ilikuwa na dawa zako. Nilizisaga mimi. Ulisema ni chungu, na kweli ilikuwa chungu."

Rula akamtazama. Fundi alitamani sana kuongeza maneno. Akajizuia.

"Mlisema ni ugonjwa," Rula akasema mwishowe.

"Tulisema uongo. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa sijui tena lipi la ugonjwa na lipi la kweli." Alisema polepole, akitafuta kila neno. "Zile sauti zilisema ninyi ni wabaya. Mchana kutwa. Nilikuwa nabishana nazo, Dada. Nilikuwa nawatetea."

Fundi akalia, na hakujificha.

Siku ile Rula hakula chakula cha nyumbani, wala siku ya pili. Siku ya tatu aliuliza kliniki iko wapi. Walikwenda wote wawili. Rula mwenyewe alimweleza daktari habari ya mikono. Dawa ilibadilishwa, na ile mpya ya kwanza haikumfaa. Ilibidi warudi mara nne. Mambo haya hayaendi haraka, na anayekwambia yanakwenda haraka anatia chumvi. Lakini mikono ikatulia. Vidonge alivitunza Rula mwenyewe, akavimeza mwenyewe. Jioni moja alikaa mezani, akajipakulia chakula kwenye sufuria moja na wenzake. Mama aliinamia sahani yake ili machozi yasionekane.

Sauti hazikuisha zote. Zilipungua. Rula alirudi kibandani, akawa anafanya kazi nusu siku.

Asubuhi moja mteja alileta kitambaa cha bei cha suti ya harusi. Rula alikitandaza mezani, akachukua mkasi. Kisha akauweka chini.

"Dada, leo nisikate kitambaa cha mtu. Zinasema sana."

Zamani angeficha. Fundi akasimamisha cherehani.

"Zinasema nini?"

"Nisikuamini."

"Na wewe unazijibu nini?"

Rula akavuta kopo la vifungo, akachagua sindano, akaanza kutunga uzi.

"Naziambia kungekuwa na jambo, ungeniambia."