Kinanda cha Marehemu Dada

Giza lilikuwa linaingia fundi makochi alipofika nyumbani na kukishusha kabatini kinanda cha marehemu dada yake. Mama yao, mgonjwa wa kitandani, alikuwa halali tangu mazishi. Dada ndiye aliyekuwa akimpigia mpaka usingizi uje.

“Ukipiga kama jana,” mama alisema, “bora uniue tu.”

Kinanda chenyewe ni sanduku la nyuzi, unalikumbatia kifuani. Juu ya nyuzi kuna vijiti, na chini ya kila kijiti vimebandikwa vipande vya sufu. Bonyeza kijiti, sufu inaziba nyuzi zisizotakiwa. Pitisha mkono wa kulia juu ya zote. Zilizobaki wazi ndizo zinazoimba pamoja. Kazi yote ni kunyamazisha. Hata mtoto angeweza.

Yeye kilimshinda.

Kila akibonyeza kijiti cha mwisho, uzi mmoja uliozibwa ulinung’unika... nnng... kama mtu aliyezibwa mdomo. Akabonyeza kwa kidole gumba. Nnng...

“Mshenzi wewe!” akakitukana kinanda.

Fundi makochi hawezi kuona sufu iliyochakaa akaiacha. Alichukua kisu, akaibandua yote, akabandika mpya. Ile kuukuu akaitupa jikoni, kwenye makaa.

Sufu ikiungua hunuka nywele. Hilo alilijua.

Hii ilinuka nyama.

“Umechoma nini?” mama alinong’ona.

“Takataka, mama. Tulia.”

“Dada yako aliibandika mwenyewe. Alisema kuna mtu humo, asiachiwe kusema.”

“Na hukuniambia?”

“Uliniuliza lini? Wewe huniuliza dawa tu.”

Kwa hasira akabonyeza, akapiga. Safi kabisa, hakuna manung’uniko. Akaachia kijiti.

“Sasa...” sauti ikasema, nje ya mlango.

Si ya mama.

Akabonyeza haraka. Sauti ikakatika. Akashusha pumzi, akamgeukia mama. Mama amekodoa macho, mdomo wazi, kifua hakipandi.

Akaachia. Mama akavuta pumzi kwa kishindo.

“Sasa...” Ndani ya mlango.

Akabonyeza.

Majirani wanalalamika kwamba mrithi wa kinanda hana kipaji: sauti ileile, inakatwakatwa, mchana na usiku. Juzi mmoja aligonga ukuta.

“Fundi, si upumzike kidogo!”

Muziki ulikatika, mgonjwa akakohoa, na mtu wa tatu akacheka, kitandani.