Upande wa Kushoto

"Sauti yote imelalia kulia. Kushoto kumekufa."

Mchumba wangu alisema hivyo akiwa amepiga magoti mbele ya spika za dukani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Muuzaji alinitazama. Mimi nilikuwa nasikia pande zote mbili, gitaa kushoto, tarumbeta kulia, safi kabisa. Lakini kwetu yeye ndiye aliyekuwa na sikio la muziki, mimi nilikuwa na masikio tu.

Alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari. Gereji nzima ilimwita Santuri, kwa sababu ya makasha ya santuri aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo hakuchoka kuyasimulia. Mimi nashona mapazia, kwa hiyo akaniita Mama Pazia hata kabla sijawa mama wa chochote. Ndoa yetu ilikuwa karibu, na kabla sijaingia nyumbani kwake alitaka jambo moja tu: zile santuri ziimbe tena.

Mashine ya baba yake ya kupigia santuri ilikuwa nzima, na amplifaya ya kuendeshea spika pia. Kilichoungua ni priampu, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya hizo mbili. Alinieleza kwa subira kwamba sauti inayotoka kwenye sindano ni hafifu kama mnong'ono, na besi yake hupunguzwa makusudi ili mifereji ya santuri isigusane. Priampu ndiyo inayoikuza sauti na kuirudishia besi. Bila hiyo unasikia mbu akiimba.

Tulikuwa tumeshachukua kisanduku kimoja tukakirudisha, akisema kinavuma. Hiki cha pili ndicho kilichokufa kushoto.

Muuzaji alikuwa mtu wa utani, lakini utani ulikuwa umemwisha.

"Kaka, tujaribu kitu," alisema. Akachomoa nyaya mbili nyuma ya kisanduku, akazibadilisha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. "Kama kisanduku ndicho kibovu, sasa ububu utahamia kulia."

Santuri alisikiliza kwa muda.

"Bado ni kushoto."

"Basi si kisanduku."

"Ni spika zako hizo."

Muuzaji hakubisha. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kisanduku kisicho na vumbi. Mwishoni akatupatia kingine, cha bei ya juu kidogo, tukakijaribu nyumbani. Wakati Santuri anatangulia mlangoni, muuzaji aliniuliza, "Shemeji, huyu kazini kwake kuna kelele?" Nikamjibu kwamba kompresa ya kupulizia rangi hainyamazi siku nzima. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuridhika.

Barabarani Santuri alitembea akiwa ameegemeza kiganja ukutani, kama mtu anayepapasa njia gizani, na lilikuwa jua kali. Baiskeli ikaja upande wake wa kushoto, kengele inalia mfululizo. Hakugeuka wala hakusogea. Nilimkamata shati nikamvuta.

"Unanivuta kama pazia," akasema, akicheka.

Nikacheka pia. Lakini shati lake sikuliachia mpaka tulipofika.

Siku iliyofuata nilimkuta nyumbani kwake akinawa rangi mikononi. Simu yake ilikuwa juu ya meza, ikawaka na ujumbe. Namba haikuwa na jina.

"Alhamisi njoo peke yako. Usimlete mpaka utakapomwambia. Na ukiendelea kumficha, atakuja kukuchukia."

Niliisoma nikairudisha pale pale. Nilimpakulia chakula, nikamuuliza habari za kazi, nikaaga. Nilikuwa tayari nimempa yule mwanamke wa ujumbe sura, urefu na viatu. Usiku huo nilishona pazia la mteja kinyume, maua yakawa yanatazama ukuta.

Jumapili mchana nilirudi kwake nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta amekaa chini kati ya spika, amenipa mgongo, amefumba macho. Hakuwa ameweka santuri yoyote. Mashine yote ilikuwa imewashwa kimya, taa nyekundu ya priampu inaangaza. Bila kunitazama alinilalamikia kwamba na hiki nacho kinavuma. Alikuwa ameshakaza ule waya mwembamba wa kuondoa mvumo, amehamisha kisanduku mbali na amplifaya, haikusaidia.

Mimi sikusikia mvumo wowote. Na kwa hasira nilizokuja nazo, nikaenda ukutani nikachomoa plagi. Taa ikazimika.

"Unasikia?" akasema, macho bado yamefumba. "Bado inavuma."

Niliitazama plagi mkononi mwangu.

"Inavuma vipi?"

"Kama friji. Upande wa kushoto. Haikomi."

"Geuka unitazame."

Akageuka. Akaiona plagi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile. Alijivuta akakaa juu ya kasha la santuri, na mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu kama ningekaa nisingeweza kuuliza.

"Nani anakungoja Alhamisi?"

"Dada. Ametumia simu ya kazini kwake. Tunakwenda hospitali."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la mwanamke. Ningelipokea vizuri zaidi.

Akanieleza. Kulikuwa na uvimbe ndani, nyuma ya sikio, umekaa juu ya mshipa wa kusikia. Ndio uliomla sikio la kushoto, ndio unaomvumia, ndio unaomyumbisha akitembea. Daktari alitaka kumpasua mapema. Yeye alikuwa amekataa mpaka ndoa ipite.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijakupeleka kwa mama."

"Na hivi visanduku?"

Akainamia mikono yake. "Nilisema nikipata kizuri, kushoto kutarudi. Na daktari atakuwa amekosea."

"Umeniacha nikate mapazia ya nyumba ambayo hujui kama utaishi ndani yake," nikamwambia. Nikaiweka plagi sakafuni taratibu, kama kitu cha kuvunjika, nikaondoka.

Wifi yangu alinipigia jioni ile ile. Alisema nimlaumu yeye, nisimlaumu kaka yake. Yeye ndiye aliyemhimiza aniambie, na yeye huyo huyo ndiye aliyekubali kunyamaza. Alilia. Kisha akatoa neno ambalo nililiogopa.

"Wifi, ukimwacha sasa, hatakwenda kupasuliwa. Namjua."

"Usinivishe uhai wa mtu shingoni, wifi. Niache nichague mwenyewe."

Nilikaa na hilo mpaka Jumatano. Mara nilitaka kurudisha pete, mara nilijikuta napima madirisha yake kwa kumbukumbu. Kilichonitisha si uvimbe peke yake. Nilijiona nikiishi na mume anayetabasamu huku anasikia kitu ambacho mimi sikisikii, na haniambii. Nikamwandikia:

"Nitaolewa nawe kwa sharti moja. Ukijua chochote, nijue. Nikijua mimi, ujue wewe."

Jibu lilichelewa.

"Hata kikiwa kibaya?"

"Kikiwa kibaya ndiyo hasa."

"Basi Alhamisi twende watatu."

Kutoka hospitali tulipitia dukani. Santuri mwenyewe ndiye aliyemwambia muuzaji ukweli, kwa mkato, kama anayetaja rangi ya gari. Yule bwana hakutoa pole nyingi. Alisema alishaanza kuhisi tangu zile nyaya, ila mtu hamwambii mteja jambo kama hilo akiwa na mchumba wake. Akainama chini ya kaunta, akatoka na priampu ya kijivu, haina urembo, yenye kitufe kidogo mbele. Akasema kimewekwa kwa ajili ya santuri za zamani zilizorekodiwa kwa njia moja. Ukikibonyeza, pande zote mbili huchanganywa, na kila spika hutoa muziki mzima. Akamkalisha Santuri na spika ya kulia karibu na sikio lake zima. Akabonyeza.

Santuri aliisogelea spika. Kisha akasema polepole, "Kumbe gitaa lilikuwepo."

Tukachukua hiyo.

Tulioana kwa msajili, watu wachache, mimi nimesimama kuliani kwake ili asikie jibu langu. Aliniambia baadaye kwamba nilijibu kwa sauti ya mtu anayeagiza vitambaa. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa, na siku za kuingojea tulizitumia kwenye makasha ya baba yake. Alibonyeza kile kitufe, akaniegemea, tukasikiliza. Lakini vikombe vilianza kumponyoka. Siku moja alilala akaamka nusu ya mdomo imeshuka, akalazwa wodini kabla ya tarehe.

Asubuhi ya upasuaji Santuri alikuwa amesinzia kwa dawa. Daktari alituita mimi na wifi ukumbini. Alisema picha mpya si nzuri, uvimbe umeshika mahali pabaya zaidi, wataingia kwa sababu kuacha ni vibaya zaidi, lakini tujue kwamba huenda asiamke. Alisema atapita kuzungumza na mgonjwa, ila kama tungependa kumweleza sisi, tutangulie.

Daktari alipoondoka, wifi alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Usimwambie. Mwache aingie na moyo mwepesi."

"Nilimwahidi."

"Ni ahadi ya wapenzi hiyo. Mimi nimemlea. Nakuomba kama dada yako."

Niliutoa mkono wake kwa upole, nikaingia. Nikakaa upande wa kulia, nikasubiri afumbue macho, nikamwambia yote, neno kwa neno, bila kulipamba. Aliutazama mlango ambao dada yake hakuuingia.

"Dada amekukataza," akasema.

"Amenikataza."

Kipande cha mdomo wake kilichobaki kikatabasamu. "Basi na mimi nina la kukwambia. Ninaogopa, Mama Pazia. Naogopa sana."

Hakuwa amewahi kulisema kwa mtu, hata kwa mama yake. Nililala pembeni yake kwenye kile kitanda chembamba, tukaogopa pamoja mpaka walipokuja kumchukua.

Hakuamka.

Wifi hajanisamehe. Siku ya mwisho ya matanga alisema mbele ya wanawake wote kwamba niliupasua moyo wa kaka yake kabla ya kisu kufika. Tukikutana anasalimia ukuta. Akija siku moja akaniuliza, nitamwambia kwamba kaka yake aliingia akiwa na hofu, ndiyo, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, na alijua kwa nini nimeushika vile.