Mashine ya Miguu na Mgeni Rasmi

Walikutana mbele ya duka la simu siku ya punguzo la bei, watu wamebanana hata pa kukohoa hakuna. Msusi alivaa gauni la zambarau na viatu vya kisigino kirefu. Kisigino kimoja kikazama kwenye wavu wa mtaro. Aliyeinama kukichomoa alikuwa fundi matairi, ovaroli limejaa oili mpaka kwenye kola. Akakifuta, akakigeuza, akauliza kama kina pancha. Msusi akacheka kabla hajaamua kama mtu huyu anastahili kuchekewa.

Tangu hapo wakawa wa kupigiana simu kutwa. Huyu anaita Malkia, huyu anaita Bwana Pancha, wanagombea nani asikate simu kwanza.

Kisha Msusi akateleza kwenye ngazi za jengo la saluni, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali ikampasua, ikamtia chuma. Muuguzi wa wodi, mama mnene asiye na maneno mengi, akamfunga miguuni mifuko ya kitambaa iliyounganishwa kwa mipira na mashine ndogo. Mashine ikivuma, mifuko inajaa hewa, inabana, inalegea, inaisukuma damu ipande isije ikaganda miguuni wakati mtu amelala tu. Fundi alipoiona akasema kazi hiyo hata yeye anaiweza.

"Nijaze tu upepo," akajibu Msusi, "ila usinitie kiraka."

Mkurugenzi wa hospitali, bwana mwenye tumbo la vikao, akagundua kwamba mashine hizo zinatumika kabla hazijazinduliwa. Kwake hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kifo. Akaamuru zivuliwe miguuni mwa wagonjwa, zifutwe vumbi, zipangwe chini ya hema na utepe mbele. Watu wa namna hii ukiwapa mwavuli wataufungia kabatini mpaka apatikane mkubwa wa kuuzindua, na mvua inanyesha. Muuguzi akapinga, akaambiwa ajue nafasi yake. Lakini donge la damu halina habari ya mgeni rasmi. Linajijenga mguuni kimyakimya, likichomoka linapanda mapafuni, na mtu aliyekuwa anakuomba maji anaitwa marehemu. Wao wanakuja msibani na miwani myeusi, wanakwambia Mungu amempenda zaidi.

Asubuhi ya uzinduzi, Afisa Habari wa hospitali, binti anayenukia kabla hajafika, alikuwa anatafuta miguu. Wagonjwa wenyewe hawakumfaa: wanaguna, wanaharibu picha. Akamwona Fundi koridoni na chupa ya chai, akamtazama kuanzia magoti kwenda chini. Fundi akakataa, halafu akatoa sharti: atalala kwenye kitanda cha maonyesho, lakini mashine ya Malkia irudi wodini utepe ukishakatwa. Mkurugenzi akamshika bega, akaapa.

Mgeni rasmi akachelewa. Kuchelewa ndiyo kazi pekee wanayoifanya wakubwa kwa bidii. Waandaaji wakapiga picha za kujaribia, wakazirusha mtandaoni. Mgonjwa wa kitanda jirani akampa Msusi simu aone: Fundi kajilaza kwenye shuka jeupe, mifuko miguuni, Afisa Habari kamwinamia, meno yote nje.

Msusi akampigia.

"Uko wapi?"

"Hapahapa hospitali, kipenzi. Nina shughuli kidogo."

"Shughuli ya kulala? Mimi miguu imeachwa kama magogo, wewe unapulizwa upepo na mwanamke kakuinamia. Unaumwa nini, Bwana Pancha?"

"Malkia, nisikilize. Mkurugenzi ameniahidi..."

"Jana aliniahidi na mimi, kwamba inafutwa vumbi tu inarudi. Mguu huu ukiganda, mje mnizindue wote."

Akakata.

Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akaanza kusoma hotuba aliyoiona hapohapo. Nyuma ya kitanda, Mkurugenzi akamnong'oneza mtunza stoo azifungie mashine zote shughuli ikiisha, mpaka uje mwongozo kutoka juu. Fundi akasikia. Akainuka na mifuko yake miguuni, suruali imekunjwa magotini, akachomoa waya, akaikumbatia mashine, akaondoka. Wageni wakapiga makofi wakidhani hayo ndiyo maonyesho yenyewe. Mgeni rasmi naye akapiga. Mkurugenzi akabaki anatabasamu. Atamkimbiza vipi mtu mbele ya kamera?

Wodini Fundi akajieleza mlangoni, wagonjwa wote wanamsikia: aliamini neno la mtu kwa sababu amevaa tai, akawa mjinga. Msusi akageukia ukuta. Muuguzi hakungoja wamalizane. Akampapasa Msusi mashavu ya miguu, akitafuta uvimbe na joto, maana damu ikishaganda mashine hiyo haivalishwi tena, anaitwa daktari mbio.

"Haijavimba," akasema muuguzi. "Lete."

Fundi akapiga magoti akajivua mifuko. Muuguzi akaifuta kwa dawa, akamwonyesha jinsi ya kuifunga asiikaze mno. Mashine ikavuma. Msusi akageuka, akautazama utosi wa mwanaume aliye miguuni pake.

"Na ukishapiga magoti hivyo, huna neno lingine?"

"Ninalo. Nilikuwa nangoja upone, nikuulize ukiwa umesimama."

"Kungoja waachie wale wa kwenye hema. Sema sasa hivi."

Akaposa, akakubaliwa, wodi nzima ikacheka. Muuguzi akabeba kiti akakaa mlangoni, na mtunza stoo alipokuja alimwona, akageuza. Mashine nyingine zote ziliingia stoo siku hiyohiyo, na wagonjwa wa vitanda vingine wakabaki na miguu yao vilevile.