Nilimtetea Zaruki, Nikawaanika Babu Zangu

Jumapili, tarehe nane mwezi wa tatu. Joto. Mawingu yamekusanyika juu ya kilima cha Sagalla tangu asubuhi lakini hayashuki, na upepo unapuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Hapa Voi kila mtu anangoja mvua. Mimi nimekaa, nimesimama, nimefagia mara mbili mahali palipokwisha kufagiliwa... Bora niandike.

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike, Neema. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali mnivumilie. Kazi yangu ni kushona, hasa sare za shule, na cherehani yangu iko kwenye baraza la duka moja karibu na stesheni. Tangu nikiwa msichana nina tabia ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari. Mengi ni upuuzi tu. Haya ninayowaeleza nimeyatoa humo, na nimejaribu nisimpunguzie mtu haki yake wala nisijiongezee yangu. Sijui kama nimeweza.

Yote yalianza na gemu. Ndiyo, gemu ya simu! Mtu mzima, mama wa mtoto!

Mume wangu, Baba Neema, ni Mluhya, anafanya kazi ya reli. Yeye ndiye aliyeniwekea gemu hiyo ili nipitishe muda wateja wakikosa. Ndani yake wewe ni askari unayemfukuza adui anayeitwa Zaruki, kiumbe mrefu wa sayari nyingine, mwenye mikono minne, asiyesema hata neno moja. Anatua kwenye sayari, anafukua makaburi, anachukua mafuvu, anaondoka. Dhahabu waliyozikwa nayo wale wafu anaiacha palepale. Kwa nini? Gemu haisemi. Sehemu ya mwisho ilikuwa haijatoka, na sisi tuliachwa tukiumiza vichwa.

Tulikuwa na grupu la simu la kubishana juu ya jambo hilo tu. Watu wa Voi, wa Taveta, wa Mombasa, wengine hata sijui walikuwa wapi. Kiongozi alikuwa kijana wa Taveta anayebeba ndizi kwa pikipiki, tukimwita Kapteni. Yeye alisema Zaruki anaunda jeshi la wafu. Wengine wakasema anatafuta fuvu la mfalme fulani. Mume wangu alisema, "Huyo ni mwizi. Mwizi haulizwi sababu."

Lakini mimi niliona kitu. Zaruki akitoa fuvu kaburini hulipangusa kwanza kwa kiganja, polepole. Na akilibeba, hulibeba kwa mikono yote minne. Mwizi gani anabeba hivyo? Nilirudia mahali hapo mpaka mteja mmoja akanigongea meza, "Fundi, suruali ya mtoto iko wapi?"

Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa...

Mimi ni Mtaita wa upande wa Bura. Kwetu zamani mtu akishazikwa na muda wake ukatimia, watu wa ukoo walikifukua kichwa chake, wakakipeleka kwenye pango la ukoo kikae na wenzake. Haukuwa uchawi. Walikuwa wanamrudisha mtu nyumbani. Ukame ukizidi, wazee walipanda kule kuwaambia shida. Siku hizi tunazika na padri kama watu wengine, lakini pango lipo, na vichwa vimepangwa kwenye mwamba vile walivyoviacha. Baba yangu ndiye anayelinda njia ya kwenda huko. Analima kabichi, Jumapili anasoma somo kanisani, na sijawahi kumsikia akisema kwamba mambo hayo yanagombana. Nikiwa na miaka tisa alinipeleka mpaka mlangoni nikachungulia. Akaniambia, "Hapa hatuleti mgeni. Hata kwa maneno."

Kwa hiyo niliandika kwenye grupu: Zaruki haibi. Anakusanya vichwa vya watu wake waliofia ugenini, awapeleke kwao.

Wee! Walivyonicheka!

"Mama Neema anamtetea mfukua makaburi!"

"Fundi, rudi kwa vifungo vyako."

Kapteni naye: "Ushahidi mama, ushahidi! Wapi umeona mtu timamu anabeba kichwa cha babu yake kama sufuria?"

Hilo la sufuria liliniuma. Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza. Labda ni kwa sababu tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nafikiri nini juu ya kitu chochote, isipokuwa kipimo cha kiuno. Lakini hiyo nayo isiwe kisingizio.

Likizo ya mwezi wa nane nilienda Bura kumsaidia baba kuvuna maharagwe. Alasiri moja nikamwambia naenda kuokota kuni. Nikapanda pangoni. Nilipiga picha tatu. Halafu nikaokota kuni kweli, mzigo mzima, ili nisiwe nimemdanganya... Mnaona jinsi mtu anavyojitafutia njia?

Picha nilizituma kwenye grupu na maneno haya: "Hawa ni babu zangu wa Bura. Hivi ndivyo tulivyowarudisha nyumbani. Zaruki anafanya hivi hivi. Tafadhali msisambaze."

Kisha Kapteni akaandika, "Mama Neema, nimeinua mikono. Wewe ni profesa." Wengine wakafuata, profesa, profesa! Siku hiyo nilishona mikono ya shati ikiwa imepinduka ndani nje, kwa furaha! Nilitembea mjini nikidhani watu wananijua.

Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili.

Kapteni alitengeneza video. Akaweka Zaruki upande mmoja, babu zangu upande mwingine, na maelezo yangu akayasoma kwa sauti yake. Nilipoiona nikampigia, akasema, "Lakini sikukuibia, mama. Nimetaja kwamba wazo ni la mtu mmoja wa Bura." Na ni kweli alitaja. Na jina la Bura sikulificha mimi mwenyewe, niliandika kwa vidole vyangu. Aliponisikia nalia aliifuta palepale. Lakini ilikuwa imeshabebwa na watu wengine, ikaenda...

Vijana wakaanza kupanda mlima. Si wabaya, walitaka kuona tu. Mmoja alijipiga picha amevaa kinyago cha Zaruki, ameshika kichwa kwenye kiganja kama anayepima uzito wa nazi! Picha hiyo niliiona nikiwa kwenye cherehani. Sindano ilinipita kidoleni, sikuisikia.

Kisha simu ikaja kutoka kwa kaka yangu, Mwakio. Baba alikuwa amepanda asubuhi akakuta vichwa vimesogezwa. Na mahali pamoja palikuwa patupu. Kichwa kimoja hakikuwepo.

Wasomaji, niliwaza nini? Niliwaza kwanza kama wanajua ni mimi! Sikumwaza baba, wala huyo aliyechukuliwa. Nawaambia ukweli.

Hawakujua. Walimshuku Mwakio. Yeye ndiye anayepeleka wageni kutembea milimani, yeye ndiye mwenye simu nzuri, na ana midomo mirefu. Ukoo ukamweka katikati ukamhoji. Aliapa mpaka sauti ikakauka. Baba aliacha kwenda kusoma kanisani, akisema hawezi kusimama mbele za watu na nyumba yake iko wazi. Chakula alikuwa anakigusa na kukiacha. Mwakio alinipigia akilia, mwanaume mzima: "Wakesho, dada yangu, hata baba haniangalii. Wewe unaniamini?"

Nikamjibu, "Nakuamini."

Nikamjibu hivyo... na nikanyamaza siku tisa!

Ndani ya siku hizo tisa ile sehemu ya mwisho ya gemu ikatoka. Niliifungua mchana, mkono mmoja kwenye kitambaa. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka angalau nikute nilisema kweli. Basi nikamwona Zaruki amefika kwenye chombo chake na mzigo wake. Akayamimina mafuvu yote kwenye mashine. Yakasagwa. Unga wake ndio uliowasha moto wa kuendesha chombo. Na kule kupangusa polepole? Alikuwa anatoa udongo usije ukaharibu mashine!

Sikuwa na nguvu ya kulia. Nilikuwa nimewaweka babu zangu kando ya jitu kama hilo nikasema wanafanana.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu kila kitu. Nilidhani atanicheka, maana yeye ndiye aliyesema mwizi haulizwi sababu. Hakucheka. Alisema, "Mama Neema, kesho utaenda Bura. Usipoenda, mimi nitampigia baba. Mwakio ni shemeji yangu." Nilimchukia usiku mzima. Asubuhi niliona alikuwa ametafuta ruhusa kazini ili abaki na mtoto.

Baba nilimkuta shambani. Nilimweleza nikiwa nimesimama kati ya kabichi, sikuthubutu kukaa. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Huyo mtu wa simu, mwisho wake alikuwa anavipeleka wapi?"

"Anavisaga, baba. Ndio mafuta ya chombo chake."

"Na wewe ulikuwa unamtetea."

"Ndiyo, baba."

"Nenda kamwambie kaka yako."

Mwakio nilipomwambia alinitemea mate miguuni. Ana haki. Mpaka leo salamu yake ni ya kichwa tu, na sijamlalamikia mtu.

Sasa na hili niliseme, maana haki ni haki. Kapteni alimtafuta yule kijana wa kinyago kwa njia zake zote. Alikuwa mtu wa Mata, upande wa Taveta. Kapteni alipanda pikipiki yake mwenyewe, akaenda, sijui walisemezana nini, akarudi na kichwa. Alikileta mpaka Bura kikiwa kwenye kitambaa kipya cheupe, ndani ya kikapu alichokifunga kifuani, si nyuma ya pikipiki anakofunga ndizi. Akasimama langoni. Baba akakipokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Asante, mwanangu. Ukae unywe chai." Kapteni hakuweza kunywa. Aliniambia baadaye, "Mama, nilikuwa nadhani ni picha tu."

Hata mimi, Kapteni. Hata mimi nilifanya ikawa picha tu.

Nilidhani hapo yameisha. Niliomba msamaha mbele ya ukoo, nikapiga magoti. Wakasema wamesikia. Miezi ikapita, baba akaanza tena kusoma kanisani, akaanza kupokea simu zangu. Nikajiambia, Wakesho, umepona.

Jana Jumamosi nilipanda Bura kumsalimia. Tulikuwa jikoni, yeye anamenya viazi. Nikamwuliza kama ninaweza kwenda pangoni siku moja, sio na simu, na mikono yangu tu, niwaambie nimekosa. Akaendelea kumenya.

"Hawapo kule," akasema. "Tumewahamisha."

"Wapi, baba?"

"Kaka yako anajua. Watu wa ukoo wanajua. Neema akiwa mkubwa mjomba wake atampeleka, hana kosa." Akaweka kisu chini. "Wewe ndiye hutaambiwa."

Nikamwuliza, mpaka lini?

"Sijakufukuza, mwanangu. Hapa ni kwako, njoo siku yoyote. Lakini hilo hutaambiwa. Hata mimi nikifa, nisisikie unamwuliza mtu."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira! Alinichotea viazi vya kubeba, akaniuliza kama Neema amepona mafua.

Tangu nirudi Voi situlii. Nimejaribu kusema amenionea. Siwezi. Siri hiyo nilipewa nikiwa na miaka tisa nami nikaitoa ili watu nisiowajua waniite profesa. Nimejaribu pia kusema mimi ni mtu mbaya kabisa, lakini hilo nalo si kweli, maana niliwapenda, na hata niliposimama pale na simu nilikuwa nawaonea fahari. Ndicho kinachonisumbua. Nilifanya ubaya huo nikiwa najivunia watu wangu!

Dada zangu, kaka zangu mnaosoma haya, bishaneni juu ya gemu mpaka mchoke, si dhambi. Lakini mtu akikuambia lete ushahidi, na ushahidi wenyewe uko nyumbani kwenu, mahali ulipoonyeshwa kwa kuaminiwa... kubali kushindwa. Kubali wakucheke! Kicheko kitaisha kesho. Na kama umeshafanya, usingoje siku tisa kama mimi huku ndugu yako anabeba lawama yako. Nenda leo. Hutarudishiwa kila kitu, lakini nenda.

Grupu nimetoka. Gemu nimeifuta, na mume wangu ameifuta yake bila mimi kumwomba.

Jua limezama na mvua haijanyesha. Tumekula ugali na omena ya kukaanga na nyanya, na vile viazi vya baba nimevichemsha pembeni. Neema amekula vitano.