Shikamoo ya Benchi la Nyuma

Benchi lilikuwa la moto. Ndiyo, benchi. Na ilikuwa mwezi wa sita, kule kwetu juu ya Mlalo, na baridi ya miaka ile ya ujamaa si hii mnayoililia ninyi. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa, maziwa yanatoka yameganda, unayavunja kwa panga unamgawia jirani. Sasa mtu anaingia ukumbi wa kijiji ambao haujafunguliwa tangu Jumapili, anakaa benchi la nyuma kabisa, anakuta mahali pa kando yake pana joto kama pametoka kukaliwa na mama mwenye nyumba.

Mtu mwenyewe ni Fanueli. Hakushtuka. Alisogea kidogo tu, kama unavyompisha mwenzako.

Huyu Fanueli alikuwa na kipaji kimoja. Alijua mchezo utasimama au utaanguka kabla haujaonyeshwa. Siku zile kila kijiji kina kikundi chake, kwaya, ngonjera, na ile michezo ya kuimba toka mwanzo mpaka mwisho, na Saba Saba vijiji vyote vinashuka Lushoto kushindana mbele ya wakubwa. Siku ya mazoezi ya mwisho Fanueli anakaa nyuma, anasikiliza, akiinuka anasema neno moja. "Utasimama." Au, "Utaanguka." Hakukosea hata siku moja. Kuna kwaya ilimcheka alipowaambia wataanguka. Walipopanda jukwaani, jukwaa lenyewe likaanguka, na wale wa besi wakaenda kuokotwa Mombo, chini ya mlima.

Lakini mtu wa hivyo nani atamkaribisha chai? Waimbaji wakimwona wanakata njia ya juu. Mkewe, Rahabu, alishafariki. Alibaki na binti mmoja, Yudith, na Yudith akienda shambani nyumba inakuwa kimya mpaka unasikia mchwa wanavyogombana.

Ndiyo maana alifanya lile kosa. Kwetu sisi, ukungu ukishuka, shikamoo ambayo huoni uso wake huiitikii. Unanyamaza mpaka mwenyewe asogee umwone. Hata mtoto anayenyonya anajua. Lakini miaka mitatu nyuma, Fanueli yuko peke yake pale ukumbini, ukungu umeingia madirishani umekaa kwenye mabenchi kama wajumbe, ikaja sauti ndogo pembeni yake.

"Shikamoo."

Wiki nzima, ukimtoa Yudith, hakuna aliyekuwa amemwamkia. Mdomo ukatangulia akili. "Marahaba," akasema, tena kwa furaha. Akageuka. Hakuna mtu. Harufu tu, karafuu na manyoya ya kondoo yaliyoloa.

Tangu siku hiyo kile kitu kilikuwa kinakaa naye. Mchezo ukiwa mbovu, benchi linakuwa barafu. Ukiwa mzuri, linapata moto, na chini yake kuna mguu unagonga, tap, tap, tap. Elimu ya Fanueli ikapata msaidizi. Na kila walipokutana kilimwamkia, naye akaitikia, maana sauti nyingine za kumwamkia zilikuwa chache.

Sasa siku hiyo benchi lilikuwa na moto hata kabla pazia halijafunguliwa. Mwenyekiti Salimu akaja akainama sikioni kwake.

"Mzee Fanueli, mwaka jana tulizomewa mpaka mbuzi wa Lushoto wakasaidia. Mwaka huu ukisema utaanguka, lori haliendi. Tunabaki tunapalilia kabichi."

"Na ukisimama?"

"Ukisimama, watu wa utamaduni wanamchukua mwimbaji bora kwenda Dar es Salaam, kikundi cha taifa. Na mwimbaji wetu bora unamjua. Unakula ugali wake kila siku."

Fanueli akageuza macho jukwaani.

Mchezo uliitwa Bwana Kupe. Abrahamu ndiye alikuwa Kupe, amefungwa mito miwili tumboni, anakula jasho la wanakijiji huku anaimba. Yudith alikuwa yule msichana anayemfukuza. Alipofungua mdomo, mimi nakwambia, kuku waliokuwa wanaatamia kijiji kizima waliangua mayai ya wiki moja. Na pale nyuma Fanueli akasikia mguu ukigonga, tap, tap, kisha miguu miwili, kisha chini ya benchi la mbele yake, na la mbele ya hilo, mpaka mabenchi yote yasiyo na watu yakawa yanagonga, na joto likampanda kwenye suruali, na pembeni ya sikio lake kitu kikaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto aliyefurahi kupita kiasi.

Hajawahi kuona mchezo wa namna ile. Ungesimama. Ungesimama mpaka Dar es Salaam, na Yudith asingerudi tena kupika ugali.

Akainuka. "Utaanguka," akasema.

Miguu ikanyamaza. Yudith akabaki jukwaani na mkono juu. "Baba?"

Fanueli akatoka nje kwenye ukungu. Hakuna aliyemfuata. Wa miguu miwili, maana yake.

Jioni walikaa jikoni, baba na binti, kila mtu na kigoda chake. Nje ya ukuta mtu akaanza kuimba.

"Baba," Yudith akanong'ona. "Nani huyo?"

"Upepo."

"Upepo unaimba kwa sauti yangu?"

"Upepo unaiga, mwanangu. Kula."

"Upepo unaujua na ubeti wa tatu wa wimbo wangu? Nimeutunga leo mtoni, baba. Sijamwimbia mtu."

Sauti ile ikaumaliza ubeti wa tatu, taratibu, bila kukosea neno, na harufu ya karafuu ikapenya chini ya mlango ikazunguka meko ikasimama nyuma ya kigoda cha Yudith, na Yudith akafumbua mdomo aseme kitu, na kilichotoka kikawa hewa tupu, kama ya mfuko uliotoboka. Asubuhi hana sauti. Na kesho yake hana. Ila nje ya nyumba, kila magharibi, alikuwa anaimba.

Fanueli akashuka bondeni mbio. Mlima ule unashukwa nusu siku. Yeye aliushuka kabla kivuli chake hakijaondoka nyumbani. Akamkuta Mwanamisi, bibi mganga, anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

Mwanamisi akamtazama usoni kwanza, vizuri. Ndipo akasema, "Marahaba. Umeona inavyoitikiwa?"

Fanueli akaanza kulia.

"Kimekuamkia mara ngapi?"

"Kila tukikutana, bibi. Miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Mimi mume wangu sikumwamkia hivyo, na alikuwa na ng'ombe." Akaweka ungo chini. "Ukiitikia shikamoo, umekubali wewe ni mkubwa wake. Umechukua mtoto, Fanueli. Na mtoto anamwiga baba. Wewe umeificha sifa ya sauti ya binti yako. Mwenzio ameificha sauti yenyewe."

"Nipe dawa, bibi."

"Kaseme kweli mbele za watu, itarudi. Halafu usimwitikie tena. Hata aje na sauti gani. Mtoto asiyeitikiwa anahama."

"Basi? Hakuna kuku, hakuna ubani?"

"Kuku ungepata kwa jirani," Mwanamisi akasema. "Hili utalifanya peke yako."

Akapanda, akamwambia mwenyekiti mbele ya kikundi kizima: "Niliwadanganya. Utasimama." Abrahamu akataka kumpiga kwa mito yake. Lakini pale pale Yudith akakohoa, sauti ikarudi, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Kwa nini, baba?" Fanueli akaangalia viatu.

Saba Saba mchezo ulisimama. Lushoto nzima ilipiga makofi mpaka miti ya mikaratusi ikapukutika majani. Yudith akapanda gari la Dar es Salaam. Alimwamkia baba yake dirishani, akaitikiwa, gari likaondoka.

Basi ikabaki kazi aliyopewa na Mwanamisi. Magharibi ya kwanza, nje ya mlango: "Shikamoo." Fanueli akauma ulimi. Magharibi nyingine ikaja kwa sauti ya marehemu Rahabu. Akaziba masikio. Halafu kikaona dawa yake iko wapi. "Shikamoo, baba," kikasema, Yudith kabisa, hata kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi. Kila siku ukungu ukishuka. "Shikamoo, baba." Fanueli anakaa gizani na kigoda kitupu mbele yake, amekumbatia magoti, hajibu. Miezi ikaenda. Kikawa kinakuja kwa nadra. Kikaanza kuchoka.

Mwezi wa tano, ukungu mzito kama uji, mlango ukagongwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

Fanueli akang'ang'ania kigoda.

"Baba, ni mimi. Gari liko barabarani, tumekuja kuimba Lushoto, nimeombewa dakika chache. Shikamoo."

Fanueli akauma kiganja mpaka kikatoa damu. Kimejifunza kusema uongo mrefu, akawaza. Sauti ikangoja. Ikaamkia mara ya tatu, polepole. Na nyie mnajua, mzazi asiyeitikia shikamoo ya mwanawe amemkana. Huyo mtoto haingii ndani. Nyayo zikaondoka. Mbali kule barabarani gari likapiga honi.

Asubuhi akafungua mlango. Kizingitini palikuwa na koti zito jipya la kiume, limekunjwa vizuri, limeloa umande. Lilinukia sabuni. Karafuu hakuna.

Fanueli alikaa na lile koti magotini siku nzima, hakuwasha moto. Ukungu ukashuka, ukapita dirishani.

"Shikamoo, baba."

Safari hii harufu ilitangulia, karafuu na kondoo aliyeloa, wala hakikujificha. Fanueli akaijua. Akainuka, akafungua mlango wote.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Pita. Nje baridi."

Kigoda cha pili kikalia. Akaweka kiganja juu yake, moto. Akavaa koti, akakaa, akafumba macho.

"Niimbie ule ubeti wa tatu," akasema.

Kikaimba. Kikaimba vizuri kuliko mwenyewe, na chini ya kigoda mguu ukagonga, tap, tap, tap. Kilipomaliza kikangoja neno lake.

"Utasimama," Fanueli akasema.